Kuzunguka baa za bendi Dar kwa usiku mmoja: anzeni kupanga kutoka mwisho

Ndugu yetu anayeishi Sakina ameuliza hivi: wao ni watu saba, wanakwenda Dar es Salaam kutoka Arusha mwisho wa mwezi, na wanataka usiku wa Jumamosi wazunguke baa sita ili wasikie bendi za muziki wa dansi zikipiga jukwaani. Anaomba aliyewahi kufanya hivyo ampe mpango.

Mimi ni mtu wa Moshi, na safari ya namna hiyo nimeifanya mara mbili. Baa sita ni nyingi mno. Mara ya kwanza, mwaka 2017, tulikuwa wanne na tulijiwekea baa tano, saa moja kila mahali. Baa ya kwanza tulikuta vijana bado wanafunga nyaya za spika. Ya pili bendi ilikuwa inapasha tu, na waimbaji wakubwa walikuwa wamekaa nyuma wanakunywa soda. Ya tatu tuliingia wakati wa mapumziko, tukasikiliza muziki wa kwenye kompyuta kwa dakika arobaini. Ya nne tulichelewa kwa sababu ya foleni, na ya tano tulifika mpiga tumba anaziingiza ngoma zake kwenye gari. Kwa hesabu yangu, usiku ule tulisikia nyimbo tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, na nauli za teksi zilizidi fedha tuliyokunywa.

Kosa letu lilikuwa kupanga kwa kufuata baa badala ya kufuata muziki. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza waimbaji wanasimulia kisa taratibu, sauti zikipokezana, na watu wengi bado wameketi, kisha gitaa la solo na la ridhim yanaanza kusukana, tarumbeta zinajibu, mpiga drams anaongeza kasi, na hapo ndipo wenyewe husema wimbo umefika kwenye chemko. Jukwaani wimbo mmoja unaweza kupita dakika kumi, na sehemu kubwa ya muda huo ni chemko. Usiku mzima nao umejengwa vivyo hivyo: bendi inaanza kama saa tatu na nyimbo za kupasha, inachemka baada ya saa tano, na inaweza kwenda hadi saa nane. Ukikaa saa moja tu kila mahali, kila mahali utakuwa umeonja utangulizi.

Kwa hiyo chagueni kwanza mahali pa mwisho, yaani bendi moja kubwa mnayotaka kuisikia hadi inafunga, halafu rudini nyuma kupanga mengine. Bendi hizi kwa desturi huwa na ratiba ya wiki, siku fulani ukumbi fulani, lakini ratiba hubadilika bila taarifa, hasa kunapokuwa na harusi ya mtu mwenye uwezo. Pigeni simu Alhamisi, kisha pigeni tena Jumamosi mchana. Msiamini bango lililo ukutani.

Kama hamna bendi mliyoizoea, mimi ningeanza na ubishi wa zamani wa Msondo na Sikinde. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata na baadaye OTTU. Mlimani Park, ambayo mashabiki wanaiita Sikinde, ilianzishwa mwaka 1978, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa ametoka huko huko NUTA na ambaye hatimaye alirudi Msondo. Utani wa mashabiki wa pande hizi mbili ni kama wa Simba na Yanga, kwa hiyo angalieni mnamsifia nani na mmekaa meza ya nani. (Tusijidharau sana sisi wa kaskazini: ndugu wa Kinyonga waliounda bendi ya Simba Wanyika walitoka Tanga, wakapitia Arusha na bendi yao ya Arusha Jazz, ndipo wakaenda kupata jina Nairobi.)

Jambo la pili ni upande wa mji. Dar si Arusha, ambako ukitoka Kaloleni hadi Mianzini hata miguu inatosha. Chagueni upande mmoja na mbaki huko. Sinza na Mwenge zinakwenda pamoja, Kinondoni na Magomeni zinakwenda pamoja, na Temeke na Chang'ombe ni usiku mwingine kabisa. Sisi mara ya pili tulimsikiliza shemeji yangu anayeishi Sinza, tukabaki huko huko. Alituonyesha hata kituo cha Sinza kwa Remmy, kilichobeba jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyefariki mwaka 2010.

Mpango wetu wa mara ya pili ulikuwa na baa tatu tu. Saa moja jioni tulikaa baa isiyo na bendi, tukala mishikaki na ndizi choma hadi tukashiba, kwa sababu kwenye bendi jiko huelemewa na mtu hukaa saa nzima akisubiri chipsi. Saa tatu tulihamia baa ndogo yenye vijana wanaopiga kopi za nyimbo za zamani, mahali pazuri pa kuzoesha masikio. Saa tano kasorobo tulikuwa tumeketi kwa bendi kubwa, meza ya ubavuni, si mbele ya spika, na hatukuondoka.

Kuhusu vinywaji, kwetu Moshi mwezi wa saba mhudumu akiuliza "moto au baridi?" swali lina maana. Dar bia ya baridi hupata moto mezani kabla wimbo haujachemka, kwa hiyo msiagize raundi mbili kwa pamoja. Vilevile wekeni visoda vyenu mezani, kwenye kisahani. Katika baa moja, ambayo sitaitaja, tulioneshwa bili yenye chupa nne zaidi; tulimwaga visoda mbele ya mhudumu, tukahesabu pamoja, na chupa zile zikafutwa bila kelele.

Badilisheni fedha mapema mpate noti za elfu moja na elfu mbili, kwa ajili ya kutuza. Mtu anainuka mezani, anacheza polepole hadi mbele, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lenye jasho, na mwimbaji haachi kuimba, anaitoa kwa vidole viwili na kuitia mfukoni. Ukiwa na noti ya elfu kumi peke yake utabaki umekaa. Anayetaka wimbo fulani auombe wakati wa mapumziko, kwa kikaratasi, si kwa kumvuta mpiga gitaa shati.

Kwa watu saba kodini Noah moja na dereva asiyekunywa, mkubaliane bei ya usiku mzima, pamoja na saa za kusubiri, kabla hamjapanda.

La mwisho ni tiketi ya kurudi. Jumapili jioni, kuanzia kama saa kumi, baa nyingi zina bonanza, na huko bendi hupiga kwa raha kuliko Jumamosi. Sisi tulikuwa tumekata tiketi za basi la alfajiri ya Jumapili. Tulilala hadi Korogwe, na tulipokuwa tunashusha mabegi stendi ya Moshi shemeji alipiga simu, hakusema neno, akaielekeza jukwaani.