Kabla ya kuchagua patholojia, fuata kinyama kimoja

Kila mwaka intani wawili watatu hunijia na swali lile lile: "Dokta, nikisoma patholojia nitashinda mochwari?" Mama yangu mwenyewe hajaacha kuamini hivyo. Maiti zipo, sikatai, lakini ni sehemu ndogo ya wiki yangu; kazi kubwa ya patholojia ni kutambua ugonjwa kwa kuchunguza vipande vya mwili kwa hadubini. Wagonjwa wangu wengi wako hai, wamelala wodini au wamerudi nyumbani kusubiri majibu, na mimi nina kipande chao tu: kinyama cha titi, cha tezi dume, cha shingo ya kizazi.

Njia ni ndefu. MD, yaani shahada ya udaktari, miaka 5, intani mwaka 1, halafu MMed, shahada ya ubingwa, ambayo mimi niliisoma Muhimbili kwa miaka 3. Hayo utayapata kwa yeyote. Ninalotaka kukuambia ni usiamue kwa kuchungulia hadubini. Ile rangi ya waridi na zambarau humvutia kila mtu dakika kumi za kwanza. Omba ruhusa ufuate kinyama kimoja tangu thieta, chumba cha upasuaji, mpaka ripoti isainiwe, ndipo utajua kama kazi hii ni yako.

Utaona kikitumbukizwa kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi kisioze, ambayo inatakiwa iwe nyingi, kama mara 10 ya kinyama chenyewe. Kisha kinapita kwenye spiriti na zailini, kinazamishwa kwenye nta, na mtaalamu wa maabara anakikata kwa unene wa mikroni 3 au 4, yaani elfu 3 au 4 za milimita. Huyo mtaalamu mheshimu. Madaktari vijana wengi humpita bila salamu, kumbe akikata vibaya, ubingwa wako wote hauna pa kushika.

Ukikaa hapo wiki moja utajua pia vinyama vinavyoharibika kabla hata havijakufikia. Niliwahi kupokea titi zima lililosokomezwa kwenye kopo lenye mdomo mwembamba. Liliingia likiwa laini, formalini ikalikaza, likagoma kutoka, tukalipasua kopo. Ndani hali ilikuwa mbaya zaidi. Formalini hupenya polepole, milimita moja hivi kwa saa, na aliyelituma hakulichanja kwanza. Katikati palikuwa pameoza, na kipimo cha vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, ambacho kingemsaidia daktari kuchagua dawa, hakikuwa cha kuaminika tena. Siku hizo hasira haisaidii. Unapiga simu thieta, unaeleza, na mwezi ujao unaeleza tena.

Kosa langu mwenyewe nililikaribia mwaka wa kwanza wa MMed. Fomu ilisema "uvimbe wa paja, miaka 15", basi, sehemu ya historia ya mgonjwa tupu. Kwenye slaidi, kile kioo chenye kipande kilichokatwa, seli zilijaa, zinagawanyika, na mfupa mchanga unajitengeneza ovyo. Nikaandika osteosarkoma, saratani ya mfupa, nikapeleka kwa mwalimu wangu nikiwa na furaha ya kijinga. Hakuigusa slaidi. Aliuliza, "Eksirei iko wapi?"

Nikapanda wodini. Nikamkuta kijana anacheza drafti na mgonjwa wa kitanda cha pili. Mama yake akanisimulia: wiki tano nyuma alianguka kutoka kwenye mwembe, wakampeleka kwa mzee anayeunga mifupa, akakandwa na kufungwa vijiti. Eksirei ilikuwa chini ya godoro, na mstari wa mvunjiko unaonekana wazi. Mfupa unaojiunga, ukikatwa kipindi kile, unaweza kufanana na saratani kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Kwa osteosarkoma ya paja, kijana yule angeweza kukatwa mguu.

Tangu siku hiyo sisaini mfupa bila kuona picha yake.

Ndiyo maana napenda kuwakumbusha wanafunzi kuhusu Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, aliandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Jina la ugonjwa likabaki lake, lakini waliothibitisha kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumboni ni limfoma moja, saratani ya seli za kinga, walikuwa wanapatholojia waliokaa na slaidi na kumbukumbu za wagonjwa pamoja. Tusilalamike sana, ndivyo kazi yetu ilivyo. Hakuna mgonjwa atakayekuletea kuku kukushukuru, maana hakujui. Kama shukrani ndiyo inayokuamsha asubuhi, nenda kwa watoto au kwa wajawazito, na sikuambii kwa dharau.

Lakini kama unaweza kukaa saa nzima na slaidi moja, kisha ukaandika "siwezi kuamua, naomba kinyama kingine" bila kuona aibu, njoo. Njoo siku ya kukata vinyama, asubuhi, na unywe chai kwanza. Harufu ya formalini juu ya tumbo tupu imeshaniangushia intani wawili.