Fomula ya kusaka bei inayogeuka katika soko lenye kimya

Nilipoanza kuchuja hisa za Soko la Hisa la Uganda kwa fomula, nilidhani kazi ngumu ilikuwa kuifahamu fomula yenyewe. Nilikuwa nimefuata mafunzo ya wafanyabiashara wa Marekani kwenye intaneti, nikachukua kipimo cha RSI, kinachoonyesha kwa namba kati ya 0 na 100 nguvu ya bei kupanda au kushuka, alichokibuni J. Welles Wilder na kukitangaza mwaka 1978, nikakiingiza kwenye jedwali la Excel kwa hesabu ya siku 14 kama alivyopendekeza, kisha nikaweka sharti moja tu: kipimo kikishuka chini ya 30, safu ya kampuni hiyo igeuke kijani, kwa maana kwamba hisa imeuzwa kupita kiasi na huenda bei yake inakaribia kupanda tena. Jioni moja safu ikageuka kijani, na kipimo hakikuwa 28 wala 25, kilikuwa 0.

Kesho yake nilimpigia dalali wangu aliyeko Kampala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo bei imeletwa na mtu mmoja aliyeuza hisa 200 apate ada ya shule ya mtoto. Hapa hakuna kilichogeuka." Nilinunua hata hivyo, kwa kuwa mwalimu wa hesabu hapendi kusahihishwa hesabu zake, na nilipotaka kuuza nilikaa wiki 5 nikimsubiri mnunuzi.

Sifuri ile ilinifundisha zaidi ya mafunzo yote niliyoyafuata. RSI hulinganisha wastani wa siku zilizopanda na wastani wa siku zilizoshuka, na siku ambayo bei haikusogea huingia katika wastani wote wawili kama sifuri. Tuchukue hisa ya shilingi 25 ambayo kwa siku 13 haikuuzwa kabisa, halafu siku ya 14 ikauzwa kwa shilingi 24. Hakuna siku hata moja iliyopanda, kwa hiyo kipimo, kikihesabiwa kwa wastani wa kawaida, kinatoa 0, yaani hali ya chini kabisa inayowezekana, ingawa kilichotokea ni shilingi moja tu kupungua. Kama bei isingesogea kabisa, jedwali lingegawanya sifuri kwa sifuri na kukuandikia alama ya kosa, na kwa kweli hilo ndilo jibu la haki zaidi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika jedwali langu kimya kingi kilikuwa kimya tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko mingine yote, ni kwamba sharti la kwanza la fomula lisihusu bei, bali lihusu biashara. Ikiwa kila mstari ni siku moja na mstari wa 21 ni leo, bei za kufunga (za mwisho wa siku) ziko safu ya C na idadi ya hisa zilizouzwa iko safu ya D, mimi huanza hivi:

=COUNTIF(D8:D21,">0")>=10

Maana yake ni kwamba katika siku 14 zilizopita, hisa iwe imeuzwa angalau siku 10. Kampuni zilizoorodheshwa Kampala ni chache, na sharti hili huondoa nyingi kati ya hizo kabla hujafika popote. Usisikitike.

Baada ya hapo, tofautisha hali na tukio. RSI kuwa chini ya 30 ni hali, na hisa inaweza kukaa humo miezi huku ikiendelea kuporomoka. Tukio ni kipimo kuwa chini ya 30 jana na kuvuka juu ya 30 leo, na fomula inapaswa kuzitaja siku zote mbili. Kisha ongeza ushahidi wa wanunuzi, yaani bei ya leo iwe juu ya ya jana, na hisa zilizouzwa leo zizidi mara 1.5 ya namba ya katikati (MEDIAN) ya siku 20 zilizotangulia:

=AND(C21>C20,D21>1.5*MEDIAN(D1:D20))

Tazama kwamba hesabu ya safu ya D inaishia mstari wa 20, siyo 21. Ukiijumuisha siku ya leo, unailinganisha kwa sehemu na yenyewe. Nimetumia namba ya katikati badala ya wastani kwa sababu siku moja mfuko wa pensheni ukihamisha hisa milioni kadhaa, wastani wa siku 20 unapaa na kila siku inayofuata inaonekana haina wateja.

Gawio nalo liliwahi kunipotosha. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, ni kawaida bei kushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe, na fomula huona anguko mahali ambapo fedha zimehamia tu mfukoni mwa mwenye hisa. Punguza kiasi hicho katika bei zote za kabla ya siku hiyo ndipo uhesabu.

Kuna anguko jingine ambalo hesabu haiwezi kulitambua. Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme, wa kusambaza umeme nchini Uganda, ulianza mwaka 2005 ukiwa wa miaka 20, na ulikwisha tarehe 31 Machi 2025. Kwa kampuni ambayo tarehe ya mwisho wa kazi yake inajulikana, kuikadiria bei "itakayorudi" kwa kutazama wastani wa miaka ya nyuma ni kujidanganya, hata kama kila sharti limetimia.

Kuhusu namba kama 30, 10 na 1.5, unaweza kuzibadilisha, ila usizibadilishe kila siku hadi zilingane na bei za zamani. Mimi nilizipima kwa miaka fulani, nikaificha miaka miwili ya mwisho, kisha nikazijaribu humo. Zilifanya vibaya kuliko nilivyotarajia, na nikapunguza fedha ninazoweka kwa kila hisa.

Siku hizi jedwali langu hukaa wiki nyingi bila rangi ya kijani. Mwishoni nimeongeza safu niliyoiita "Nani anauza?", ambayo haina fomula. Naijaza kwa mkono, baada ya kumpigia dalali.