Kwa nini EACC haishtaki yenyewe?
Umeuliza kwa nini EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, inakamata watu Kenya halafu kesi zinaondolewa. Katika kesi za jinai, EACC huchunguza tu. Faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, yaani DPP, naye ndiye huamua kushtaki. Kifungu cha 157(10) cha Katiba kinasema haamrishwi na mtu yeyote. Sawa, lakini 157(8) kinamfunga: hawezi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Hapo ndipo pa kubana. Hakimu akipokea "ushahidi hautoshi" bila kuuliza umepungua wapi, na tangu lini, ulinzi huo unabaki kwenye karatasi. Angalia pia wakati: kesi ikiondolewa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa huachiliwa moja kwa moja, hashtakiwi tena kwa kosa hilo.