Mgawo wa fedha na namna ya kubaki hai katika PAYDAY 2

Ndugu, umeuliza kwa nini katika PAYDAY 2, mchezo wa video ambamo wachezaji hushirikiana kufanya wizi, mkataba (yaani kazi ya wizi unayoichagua) unaonyesha kitita kikubwa ilhali unabaki na fedha kidogo za matumizi, na kwa nini unaanguka mapema kuliko wenzako.

Fedha zako hazijapotea. Asilimia 80 ya malipo huenda kwenye akaunti ya ng'ambo, na asilimia 20 tu ndiyo unayoweza kununulia silaha na vifaa vyake. Kila raia unayemuua hukatwa gharama katika fungu hilo dogo, kwa hiyo mfunge badala ya kumpiga risasi, kwani akiwa hai anaweza pia kubadilishwa na mwenzenu aliyekamatwa. Mifuko ya mali mnayoifikisha kwenye gari zaidi ya ile inayotakiwa huongeza malipo.

Kuhusu mapigano, shika hili kuliko yote: kinga ya mwili (vazi la kuzuia risasi) hurudi yenyewe baada ya sekunde chache usipopigwa, lakini afya hairudi hivyo. Kinga ikivunjika, jifiche nyuma ya ukuta mpaka irejee yote, hata kama polisi aliye mbele yako amebakiza risasi moja tu afe, kwa sababu kila unapopigwa muda wa kusubiri huanza upya. Vilevile, kila unapoanguka (afya ikiisha) unakaribia kukamatwa, na mkoba wa daktari, kifaa cha tiba ambacho timu hukiweka chini, hufuta hesabu hiyo ya kuanguka. Kwa hiyo aliyeanguka mara nyingi zaidi autumie kwanza, hata kama afya yake inaonekana imejaa.