Vioo viwili kwa nyumba ya Dar es Salaam

Ndugu, umeuliza kama kubadilisha madirisha ya aluminiamu yenye kioo kimoja na kuweka ya vioo viwili kutapunguza joto katika nyumba yako ya Dar es Salaam. Kutapunguza, lakini vioo viwili vya kawaida visivyo na rangi havitoshi, kwa sababu joto linalokusumbua huletwa hasa na jua linalopiga kioo. Kioo kimoja hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo, na viwili bado hupitisha kama 70. Kwa hiyo mwulize muuzaji kipimo kinachoandikwa SHGC, yaani sehemu ya joto la jua inayopita dirishani, kuanzia 0 hadi 1, na usikubali kinachozidi 0.3, kiwango kinachopatikana kwa kioo chenye utando mwembamba wa metali uliopakwa upande wa ndani wa kioo cha nje. Fremu nayo ina neno: gusa aluminiamu ya dirisha la magharibi saa kumi jioni, utaelewa jinsi inavyopitisha joto. Chagua yenye kizuizi cha plastiki katikati. Kama hutumii kiyoyozi, ningekusihi uweke kwanza kivuli nje ya dirisha, maana dirisha lililofunguliwa lipitishe upepo wa bahari halifaidiki na vioo viwili.