Rangi zangu zimegeuka takataka kwenye Windows

SWALI: Wakubwa habari za kazi. Niko huku Arua, nimeandika kaprogramu kadogo ka Python ka kuangalia stoku ya hadiwea ya mjomba, kitu kikikaribia kuisha kinatokea kwa nyekundu. Kwa laptopu yangu ya Ubuntu iko poa kabisa, ila kwa kompyuta ya dukani yenye Windows inaandika ←[31mSaruji: mifuko 4←[0m na mjomba anasema eti nimemletea virusi. Shida iko wapi?

JIBU: Mwambie mjomba atulie, hakuna virusi hapo. Hizo takataka ndo rangi yenyewe. Terminali, yaani lile dirisha jeusi la kuandikia amri, inapokea maandishi tu, kwa hiyo rangi inapita humo humo kati ya herufi: inatangulia herufi namba 27, ile ya kitufe cha Esc (huo mshale unaouona), halafu [31m inawasha nyekundu na [0m inazima. Amri za Esc ni za kitambo, terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC ilizitumia tangu 1978, na Linux na Mac zinazielewa mpaka leo. Windows ilikuwa na njia yake ya kupaka rangi, mpaka ilipofika Windows 10 ndo lile dirisha jeusi likaanza kuzielewa, na hapo pia programu lazima iombe kwanza, usipoomba unapata hiyo mishale.

Dawa ni colorama, laibrari (kodi iliyoandikwa tayari) ya Python. Iinstoo kwa pip, kile kifaa cha Python cha kuleta laibrari, halafu juu kabisa ya kodi yako weka:

from colorama import just_fix_windows_console
just_fix_windows_console()

Kwa Ubuntu haigusi kitu, kwa Windows inaomba ruhusa, na kama ni Windows ya zamani isiyoelewa Esc inatafsiri yenyewe.

Ukitaka kutuma ripoti kwa faili, kagua kwanza sys.stdout.isatty(), inayosema kama maandishi yanaenda kwenye terminali, ikisema False usiweke rangi, la sivyo takataka zitarudi ndani ya faili. Na mimi ningeongeza neno IMEPUNGUA pembeni, maana kuna watu nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja. Bluu ya 34 achana nayo, kwa dirisha jeusi haisomeki.

Kama dukani hakuna intaneti, piga pip download colorama kwa laptopu yako, ile faili ya .whl itakayoshuka ibebe kwa flashi, uiinstoo kule na pip kama kawaida.