Jibu refu kwa wanaouliza kama hela na uhamisho zimeua basketi ya vyuo Marekani

Mkuu umeuliza, tangu madogo wa vyuo Marekani waanze kulipwa na kuhama timu wanavyotaka, basketi ya vyuo bado ina mashabiki wa kweli au watu wanaangalia kwa mazoea tu? Mi nipo Lexington, Kentucky, jimbo zima hili halina timu ya NBA, kwahiyo Wildcats, timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, ndio Simba na ndio Yanga, ndio mada ya kinyozi, kanisani na kazini. Ntajibu kwa ninachokiona hapa, mashabiki wa vyuo vya Duke na Kansas nao waje na ya kwao.

Ya sheria tuyamalize haraka maana humu wengi wanachanganya. Zamani mchezaji wa chuo alikua anapewa ada, chumba na msosi, basi, akionekana na hela ya mtu anafungiwa. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliibwaga NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwenye kesi ya Alston, kesi yenyewe ilihusu marupurupu ya masomo ila iliwashtua, na Julai 1 mwaka huohuo wakaachia, mchezaji ruksa kuuza jina lake, picha yake na sura yake, ndio hiyo NIL mnayoisikia. Mwaka huohuo wakaruhusu mtu ahame mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kufika Aprili 2024 baada ya kubanwa mahakamani wakasema hama mara ngapi unavyotaka ilimradi masomo yako yako sawa. Unaingiza jina kwenye ile potali, ambayo ni orodha tu ya mtandaoni, simu za makocha wengine zinaanza kuita. Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, vyuo vyenyewe sasa vinawalipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza kikomo kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote, na dili za makampuni bado zinakuja juu ya hapo.

Sasa kwa ninavyoona mimi, watu wanaibebesha hela lawama za uhamisho. Hela peke yake shabiki wa huku anaimeza vizuri tu. Kinachomkaba ni kwamba kila Aprili anaanza upya kujifunza majina.

Nikupe historia ya hapa uelewe. Mwaka 1988 kuna pakiti ilitoka ofisi ya basketi ya Kentucky kwenda kwa baba wa dogo mmoja aliekua anasajiliwa, ikafunguka ikiwa mikononi mwa kampuni ya usafirishaji, ikaripotiwa ndani mna dola 1,000 taslimu. Elfu moja! Uchunguzi ukaanza, yakaibuliwa na mengine, 1989 NCAA wakashusha rungu, miaka miwili hakuna kucheza mashindano ya mwisho wa msimu na mwaka mmoja hakuna kuonyeshwa laivu kwenye TV. Kocha akaondoka, mastaa wakaondoka. Wakabaki wanne ambao NBA haikua na habari nao, Richie Farmer, John Pelphrey, Deron Feldhaus na Sean Woods, watatu kati yao watoto wa humuhumu Kentucky, wakavumilia mpaka kifungo kikaisha, na 1992 wakafika mechi ya kuingia nne bora wakapigwa na Duke 104-103 dakika za nyongeza, lile shuti la Christian Laettner ambalo mpaka leo ukilitaja baa watu wananuna. Yaani walifungwa, hawakuleta kombe, na jezi zao zimetundikwa juu Rupp Arena, uwanja wetu. Nafanya kazi na mzee mmoja anaweza kukuhadithia hiyo timu kuanzia asubuhi mpaka muda wa kutoka, ila mwambie akutajie watano wanaoanza msimu huu, anakuna kichwa.

Kuna watakaosema mbona hata enzi za kocha wetu John Calipari wachezaji walikua wanakaa mwaka mmoja tu wanaondoka, na ni kweli, ubingwa wa 2012 tuliupata na Anthony Davis aliekaa msimu mmoja. Ila yule alikua anapanda. Anaenda NBA, anachaguliwa namba moja, unakaa unamuangalia miaka kumi unasema huyu wetu. Anaehama sasa hivi unakutana nae Januari amevaa jezi ya Arkansas anakufunga wewe. Na hili sisi limetukuta hasahasa, Aprili 2024 Calipari mwenyewe alihamia Arkansas, DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivišić wakamfuata, Februari 2025 wakaja Rupp wakatufunga 89-79. Uwanja ulizomea mpaka basi, na bado tukafungwa.

Na hapo nina neno na wale wanaosema madogo wameharibu mchezo kwa tamaa. Makocha wamekua wakihama kufuata mpunga miaka yote. Rick Pitino aliifundisha Kentucky akaipa ubingwa 1996, baadae akaja kukaa kwa wapinzani wetu wakubwa Louisville, akaitwa msaliti weee, na Oktoba 2024 alivyotokea Rupp kwenye Big Blue Madness, sherehe yetu ya kufungulia msimu, watu walisimama wakampigia makofi. Kocha anasamehewa. Dogo wa miaka 19 akifanya hivyohivyo anatukanwa mpaka mama yake mtandaoni. Sijawahi kuelewa.

Turudi kwenye timu. Calipari alivyoondoka hakubaki hata mchezaji mmoja wa skolashipu, sifuri, akaletwa Mark Pope ambae alikua kepteni kwenye timu ya 1996, siku ya kumtambulisha Rupp ilijaa kama kuna mechi. Akaenda potali akarudi na kapu zima, Lamont Butler kutoka San Diego State, Andrew Carr kutoka Wake Forest, Koby Brea wa Dayton, Amari Williams wa Drexel, Otega Oweh wa Oklahoma, Jaxson Robinson aliekua anamfundisha chuo cha BYU. Nlijua hii timu siwezi kuipenda, watu hawajuani, wametoka kila kona. Novemba wakampiga Duke yenye staa Cooper Flagg, na kufika Februari nlikua najua Brea akikaa kona ile ya kushoto mpira unaingia, nlikua najua Williams anapitisha pasi ngapi za hatari kwa mechi, yaani mapenzi yalikuja yenyewe. Wakafika 16 bora ya mashindano ya taifa, yale ya Machi, wakatolewa na Tennessee. Kabla ya hapo Machi ilikua Senior Night, usiku wa kuwaaga wanaomaliza, zamani hiyo shughuli ni kilio, mama wa mchezaji yupo uwanjani, mtoto kakaa miaka minne. Safari hii tuliwaaga watu waliofika juni iliyopita. Watu walipiga makofi kwa heshima zote na vijana walistahili, ila kulikua na kitu hakipo, kama unaaga mgeni aliekuja likizo.

Halafu msimu ukaisha Travis Perry nae akaondoka. Huyu ndio aliniuma. Dogo wa Lyon County huko magharibi ya jimbo, mfungaji wa pointi nyingi kuliko mvulana yeyote kwenye historia ya sekondari za Kentucky, 2024 kaibebea shule yake ubingwa wa jimbo palepale Rupp, akaja Wildcats, akacheza dakika chache msimu mmoja, akaenda Ole Miss. Simlaumu, mpira unachezwa uwanjani sio benchi. Ila miaka ya nyuma angekaa, angelaumiwa kwa kukosa mitupo, angekua, mwaka wa nne angekua ndio Richie Farmer wa kizazi hiki. Hiyo nafasi ya kumuona mtu anakua mbele yako ndio imepotea.

Na shabiki nae kabadilika, tusijifanye. Msimu wa 2025-26 magazeti yalikua yanataja kikosi chetu kimegharimu kama dola milioni 22. Sasa hiyo namba ikishaingia kichwani mwa mtu haitoki. Desemba 2025 Nashville, Gonzaga walitutandika 94-59 na mashabiki wa Kentucky wakawazomea wachezaji wao wenyewe. Zamani ukimzomea mchezaji wa chuo wazee wanakugeukia wanakwambia acha, huyo ni mtoto wa shule. Siku hizi jibu ni moja, analipwa huyo. Kijiweni maongezi yamekua ya uhasibu, fulani kala kiasi gani, kafunga ngapi, gawanya. Wengine wanajua bajeti ya Louisville kuliko wanavyojua bajeti za nyumba zao. Na unakuta mtu kalipia tiketi, kalipia TV, kalipia maegesho, bado anapata ujumbe achangie mfuko wa kuwabakiza wachezaji. Hapo hata mimi nilifunga simu.

Kwa wanaofananisha na usajili wa nyumbani. Clatous Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga 2024 watu walilia na kucheka, ila kwetu kuna mikataba, dirisha, na ukimtaka mtu katikati ya mkataba unakaa mezani na klabu yake. Huku kwa miaka hii mchezaji amekua akiondoka na timu iliyomlea haipati hata ahsante. Morehead State ni chuo kidogo, kama saa moja kwa gari kutoka hapa, walimchukua Johni Broome ambae wakubwa hawakumtaka, wakamtengeneza, akaenda Auburn akawa mchezaji bora wa SEC, ligi tunayocheza sisi, na kufika nne bora 2025. Morehead walibaki na picha ukutani. Wakati sisi tunalia hapa Lexington, wenye msiba wenyewe ni wale.

2022 tulitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's, kachuo ka Jersey City ambako nina uhakika nusu ya Kentucky hawakua wamewahi kukasikia, 85-79 dakika za nyongeza, na wale jamaa wakatinga mpaka 8 bora. Baada ya hapo kocha wao akaenda chuo cha Seton Hall, kikosi kikatawanyika. Ile hadithi ya mwaka wa pili, turudi tena tuone kama tunaweza, haikuwepo. Na 2025 timu zote 16 bora zilitoka kwenye ligi nne kubwa, nne bora ilikua ni timu nne zilizopangwa namba moja, kila moja kwenye kanda yake, kitu kilichotokea mara moja tu kabla, 2008. Florida waliobeba kombe, mtu wao mkuu Walter Clayton Jr. katokea Iona, Alijah Martin katokea Florida Atlantic, Will Richard katokea Belmont. Wale madogo wa vyuo vidogo waliokua wanatufurahisha Machi bado wapo, ila wamevaa jezi za wakubwa.

Tukija kwenye mema ya hela, nayo yapo na sisi waswahili wa huku tuliyaona kwa karibu. Lexington ina Wakongomani wengi, Kiswahili unakisikia dukani kila siku, na Oscar Tshiebwe ni mtoto wa Lubumbashi. Alikuja hapa kwa kuhama kutoka West Virginia, msimu wa 2021-22 akawa mchezaji bora wa nchi akiokota ribaundi 15 kwa mechi, na siku ile ya Saint Peter's yeye alifunga 30 na ribaundi 16, wenzake ndio walimuangusha. Bila hela angeondoka pale, lakini alirudi mwaka mwingine. Cha kuchekesha yeye alikua na viza ya mwanafunzi ambayo hairuhusu kufanya kazi Marekani, kwahiyo wenzake wazawa wanapiga matangazo ya magari yeye anaangalia, mpaka timu ilipoenda ziara Bahamas Agosti 2022 ndio akafanya dili zake kule, nje ya nchi, kisheria. Staa wa nchi nzima anapanda ndege ndio aweze kuuza sura yake mwenyewe. Wakongomani walilicheka hilo sana maana mambo ya viza hakuna asieyajua.

Na anaetaka ushahidi kwamba shida sio hela aangalie wanawake. Caitlin Clark alikua na Nike, State Farm na mikataba mingine, hela zinamiminika, na alikaa Iowa miaka minne yote, kwa sababu WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, hawachukui mtu mapema kama NBA na yeye hakutaka kuhama. Watu walimuona tangu mwaka wa kwanza. Fainali yake ya 2024 dhidi ya South Carolina ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18 Marekani, fainali ya wanaume mwaka uleule haikufika milioni 15. Hakuna aliewahi kusema Clark ameharibu mchezo kwa kulipwa. Wangeweka mikataba ya miaka miwili mitatu, anaemtaka mtu kabla haijaisha alipe timu ndogo chake, nusu ya kelele hizi zingeisha.

Mnaotaka kuanza kufuatilia, orodha za vikosi zinazozunguka Aprili na Mei achaneni nazo, zinabadilika kila siku. Subirini Oktoba vikosi vitulie. Na mechi kubwa za Novemba kwa saa za Bongo zinaangukia saa tisa, saa kumi usiku, kwahiyo mwenye kazi asubuhi ajipange.